Picha Ambayo Kacheko Hakuicheka

Simu kutoka Kitwe, Zambia, ilinikuta nikisonga bukari, na mtu anayesonga bukari hapokei simu. Iliita, ikanyamaza, ikaita tena. Nilipokwisha kufunika sahani nikaichukua, vidole bado vina unga, nikasikia sauti ya mwanamke nisiyemjua. Alisema kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kibemba kwamba yeye ni mjane wa Kabange, kwamba mumewe amekwisha kuzikwa, na kwamba siku zake za mwisho hakuwa na habari nyingine isipokuwa Katuba, mtaa wetu wa ujana. Nikamjibu yale ambayo watu hujibu, pole mama, Mungu ampokee, kisha nikakaa kwenye kiti cha jikoni na hasira yangu. Ndiyo, hasira. Mimi huzuni hunijia kwa mlango wa hasira, tangu usichana wangu, na watoto niliowafundisha kemia watawaambia hivyo hivyo. Nilimkasirikia Kabange kwa kufia mbali, nikamkasirikia mjane wake kwa kuniita "Mama" kwa upole, nikaikasirikia hata bukari. Mjukuu wangu akaja kuuliza kama tunakula au tunaangaliana.

Siku hizi jina la Kabange limerudi mjini. Vijana wameweka picha chache alizochora katika ukumbi mmoja, nyuma ya vioo, na taa ndogo juu ya kila moja, na watu wanapita mbele yake na glasi mkononi. Mimi nilikwenda mwaka jana kwa miguu yangu. Nikasimama mbele ya ile ya beseni nikatafuta kisigino changu, nikakiona, pale chini kwenye pembe, doa jeupe kama la sarafu. Nikacheka peke yangu, watu wakageuka. Lakini picha ninayotaka kuisimulia haikuwapo. Ile hakuna mwenye nayo, na ndiyo iliyotugharimu.

Ulikuwa mwaka ambao kampasi ya Kasapa ilifungwa kwa mgomo. Walimu hawakulipwa, sisi tukapiga kelele, milango ikafungwa, na wa mabwenini tukaambiwa kila mtu aende kwao. Mimi kwetu sikutaka kwenda. Sababu zake ni ndefu na hazimhusu mtu. Nikapata chumba Katuba, katika lupango la Mama Mapasa, kiwanja chenye nyumba mbili na choo kimoja, chumba cha nyuma chenye dirisha lisilofunga na kitanda kilicholia kila nikigeuka. Alikuwa ameitwa Mama Mapasa muda mrefu kiasi kwamba jina lake la ubatizo lilijulikana na padri peke yake. Mwanamke akizaa mapasa, watoto pacha, kwetu jina lake la zamani linakwisha kazi. Wanawe walikuwa wanaume wazima wakati ule: Kyungu, aliyetangulia kutoka, na Kabange, aliyemfuata. Uso mmoja, pengo moja la meno, sauti moja hata mama yao aliitika vibaya wakimwita kutoka nje. Ila Kyungu alikuwa wa kusema na Kabange wa kuangalia. Kyungu angeweza kusimulia safari ya kwenda kununua chumvi mpaka ukasahau kula. Kabange angekutazama ukitafuna hadi ukauficha mdomo kwa mkono.

Walikula sahani moja. Sijawahi kuona watu wazima wakila vile, bila kuangalia mkono wa mwenzie, na bila kugongana. Sheria ya nyumba ile ilikuwa sheria ya mapasa, na Mama aliishika kuliko amri za kanisa: ukimpa mmoja, umpe na mwingine. Shati moja hapana, mashati mawili. Hata kofi. Kyungu alinisimulia kwamba walipokuwa wadogo Kabange akivunja sahani, wote wawili walipigwa, "juu ya usawa," akasema, "na miye sikukosa kitu!" Mama akamjibu kutoka jikoni, "Ulikosa kumukataza." Nilicheka, Mama akanigeukia. "Weye Kampus, unacheka, lakini hii si mambo ya kucheka. Mapasa ukibagula, moja anagonjwa." Kampus ndilo jina walilonipa siku ya kwanza, na likaniganda.

Kabange aliishi kwa kuandika vibao vya saluni za nywele, vichwa vya wanawake vyenye misuko, na machupa ya dawa kwa maduka ya dawa. Hiyo ilikuwa kazi ya tumbo. Kazi ya moyo ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mabati matatu. Alikwenda kwa wauza vyuma chakavu akanunua vipande vya ule mkanda wa mpira unaobeba mawe viwandani, mkanda ukishakuwa mzee na kutupwa. Akaulalisha mezani, akauosha na petroli, akauchonga na vijiti vya mwavuli alivyovinoa kwa jiwe. Mahali alipochonga palibaki peupe, alipoacha palishika wino mweusi. Mashine hakuwa nayo. Mashine ilikuwa miguu. Aliweka mkanda chini, akaupaka wino, akalaza karatasi juu, ile ya mifuko ya saruji iliyofunuliwa na kunyooshwa, kisha mtu akavua viatu akatembea juu yake polepole, unyayo kwa unyayo, kutoka katikati kwenda pembeni. Kyungu alikuwa mzito, alichafua. Mama alikataa kukanyaga nyuso za watu. Basi kazi ikawa yangu. "Kampus iko na miguu ya akili," Kabange alisema, na ndiyo sifa pekee aliyonipa mwaka mzima. Nilijifunza kukanyaga bila kuteleza, kusikia kwa kidole mahali ambapo wino haujashika. Karatasi ilipofunuliwa, na ile picha nyeusi kubwa ikatoka mbichi, inanuka petroli, nilisahau kwamba nilikuwa msichana asiye na chuo wala mpango.

Na picha zenyewe! Hazikuwa za kubembeleza. Mistari minene, hakuna kivuli, hakuna ua wala ndege. Bwana mmoja mwembamba mwenye suti na meno mengi amekaa katika beseni, na foleni ya wanawake wenye mabidoni inammiminia maji kichwani. Wa mwisho katika foleni ana mtoto mgongoni na ulimi wa mtoto uko nje. Bwana yule yule anakula mlima kwa uma na kisu, na nyumba zinaporomoka kutoka kwenye sahani. Bwana yule yule anapima watoto wa shule kwa mizani ya shaba. Usiku tulizibandika? Hapana, mchana, saa za soko, kwa uji wa unga, na watu walizisogelea wakaanza kupigana viwiko. Maana Katuba nzima ilimjua. Alikuwa na ofisi mjini na malori kwenye barabara za migodi, na kila mahali alipofika alicheka. Jina lake silitaji. Watoto wake wapo, wengine niliwafundisha, na hawakunikosea. Sisi katika lupango tulimwita Kacheko.

Siku moja gari lake likasimama mlangoni petu. Mama alikuwa anachambua mboga za lengalenga; kisu kilimponyoka. Mimi nilitafuta kwa macho ukuta wa kuruka. Kacheko akashuka, suti ya rangi ya majivu, akasalimia vizuri, "Jambo yenu bamama," akauliza fundi wa picha iko wapi. Kabange akatoka na mikono myeusi, akasimama. Kacheko akaingia chini ya mabati, akaona ile ya beseni imetundikwa kamba ikauke, akaisogelea, na sisi tukamwona mgongo wake ukianza kutetemeka. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Njo miye!" alipiga kelele, yaani ndiyo mimi. "Njo miye kabisa! Mwangalie meno! Nani alikuonyesha meno yangu?" Akainunua. Akasema ataiweka saloni kwake, sebuleni, wageni wake wafe kwa kucheka. Nasi, kwa ule woga unaotoka mwilini kwa mara moja, tukacheka pamoja naye, isipokuwa Kabange.

Ndipo Mama Mapasa akafanya kile ambacho mama yeyote wa mapasa angefanya, na ambacho nimekizungusha kichwani maisha yangu yote. Akamletea Kacheko kiti, akasimama mbele yake, mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni. "Papa, umemupatia moja. Na mwingine?" Kacheko hakuelewa. Mama akamwita Kyungu kutoka ndani, akawasimamisha wawili bega kwa bega, uso mmoja mara mbili. "Hawa ni mapasa. Ukimupatia moja, unamupatia na mwingine. Njo desturi." Kacheko akawatazama, akapiga paja, akacheka upya. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa huku huku, desturi aliijua. "Bon, Mama. Mwingine anajua kuendesha kamyo?" Kyungu akajibu kabla hajamaliza kuuliza. Hivyo ndivyo Kyungu alivyopata lori. Jioni ile Mama alichinja kuku, akaimba akikoroga mchuzi, majirani wakaja kuonja, na kila mmoja aliambiwa tena habari ya kiti na ya "na mwingine". Alistahili furaha ile. Mtoto wake mkubwa alikuwa amekaa bila kazi miaka.

Kabange hakula. Nilimkuta chini ya mabati amekaa mbele ya ile kamba tupu. "Amecheka," aliniambia. "Namuchora anaoga na maji ya bantu, na anacheka. Ataiweka ku saloni, karibu na televizyo." Nikamwambia angalau hakutufunga. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto wa mwenzie. "Kampus, muntu unamuchora vile, na yeye anacheka, haukumuchora. Umemukuna mugongo." Halafu akasema maneno ambayo ndiyo yaliyokuwa mwaka wetu: "Nitatoa picha moja, moja tu, ile hataicheka. Kisha narudia ku vibao vya nywele, na naachana na hii mambo."

Akaitafuta miezi. Alimchora Kacheko amekaa juu ya kiti kilichotengenezwa kwa migongo ya watu. Kacheko akaja, akacheka, akainunua. Alimchora na tumbo la kioo, ndani yake shule na hospitali zimekunjwa kama nguo. Akacheka mpaka machozi, akainunua, akamletea rafiki yake naye acheke. Ikawa kama mchezo mbaya. Tulibandika picha asubuhi, na kabla ya jua kushuka dereva wa Kacheko amekwisha kuja kuuliza iko wapi nyingine. Kabange akakonda. Nikamtania kwamba mwenye kukondeshwa na adui yake ni nadra, lakini mwenye kukondeshwa na kicheko ni yeye peke yake duniani. Wakati huo huo Kyungu alinenepa. Alileta sukari, alileta samaki wakavu wa Kasenga, alimnunulia Mama redio, na kwake na kwa ndugu yake kila kitu mara mbili, viatu jozi mbili, kofia mbili. Nyumba ilinuka mafuta ya kupikia. Mimi nami nilikula, msidhani nilikuwa mtakatifu.

Chakula kimoja nakikumbuka kuliko vyote. Bukari ya moto, sombe ya majani ya mhogo yenye karanga, sisi wanne kwenye saloni ndogo yenye vitambaa vya kusuka juu ya kila kiti. Kyungu alikuwa anasimulia kama kawaida, na katikati ya hadithi akasema kama kitu cha kupita, "Ile kamyo, frein yake inashika siku inapenda." Kabange, aliposikia habari ya breki, akaacha kutafuna. "Ulimwambia Patron?" "Nilimwambia. Akacheka." "Akasema nini?" Kyungu akavimbisha kifua, akatoa meno yote nje, akawa Kacheko kabisa: "Weye uko mapasa, Kyungu! Hauwezi kufa nusu!" Na sisi tukacheka. Mama alicheka mpaka akafuta macho na pindo la kikwembe. Hata Kabange, ambaye hakucheka kwa mwaka, aliachia pengo lake likaonekana. Ulikuwa mzaha mzuri, ndiyo ukweli wake. Mtu akikuuliza jinsi watu wabaya wanavyoishi katikati yetu, mwambie wana mizaha mizuri.

Kiangazi kilikuwa karibu kwisha, joto lile la kabla ya mvua, lori la Kyungu liliposhindwa kusimama kwenye mteremko. Lilikuwa limejaa mifuko ya mawe, na watu wamekaa juu ya mifuko kama wanavyokaa siku zote. Sitasimulia zaidi. Waliokuja kutuambia walimwona Kabange amesimama mlangoni na uso ule ule wa ndugu yake, mmoja wao akarudi nyuma akashika ukuta. Nilifungua mdomo kulia, na mkono wa Mama ukanifunga mdomo. Kwa nguvu, hata jino likakata mdomo wangu. "Hapana," alisema. "Mapasa habalilie. Ukilia, unamuita na mwingine."

Nilikuwa nimesikia kwamba mapasa hawaliliwi. Kusikia ni kitu kimoja. Kilio cha mapasa hakina kilio. Walikuja wanawake wa ukoo na wa mtaa, waliozaa mapasa na waliozaliwa mapasa, wakajipaka udongo mweupe usoni na mikononi, wakampaka Mama, wakampaka Kabange, wakamkalisha juu ya mkeka katikati ya kiwanja. Wakaanza kuimba zile nyimbo zao. Maneno yake siyaandiki, mjukuu wangu anasoma kila kitu. Ni matusi, matusi ya uchi, ya mwanamume na mwanamke, yanayoimbwa kwa kucheza na kupiga makofi, na hakuna mtu, hata awe chifu, anayeruhusiwa kukasirika akiimbiwa. Mama alicheza. Mwanawe alikuwa ndani ya jeneza dogo kuliko alivyokuwa yeye, na mama yake anacheza, nyonga huku na huku, udongo mweupe unapasuka kwenye mikunjo ya macho yake makavu. Kabange alikuwa anaambiwa, "Cheka, Kabange, cheka, ndugu yako iko anaangalia," na aliinua midomo yake ikatoa pengo, akaishikilia vile, jioni na asubuhi yake. Niliuma kikwembe changu mpaka kikatoboka. Mpaka leo nikiona jeneza linapita na watu wanalia kwa sauti, nawaonea wivu.

Siku ya maziko Kacheko alifika. Alileta mifuko ya unga, viti vya kukodi, na mtu wa kamera. Akapita moja kwa moja mbele ya jeneza, akatoa leso nyeupe, kamera ikanyanyuka, na Kacheko akalia. Alilia vizuri, kwa sauti, mabega yakipanda. Ninaamini hata leo kwamba desturi hakuisahau. Ila kamera haikujua mapasa, na wale ambao wangeitazama ile picha baadaye nao hawakujua, na kwa ajili yao alihitaji machozi. Wimbo ukakatika. Mama Mapasa akapiga yowe ambalo sijalisikia tena: "Anamuita Kabange! Huyu muntu anamuita mutoto yangu mwingine na machozi! Mumufunge kinywa!"

Hawakumfunga kinywa. Walimzunguka, wakamwimbia. Wanawake wazee weupe kwa udongo walimchezea Kacheko mpaka puani, wakamwimbia mwili wake kipande kwa kipande, mama yake, bibi zake, usiku wake, na yeye katikati na leso. Kukasirika hakuruhusiwa. Kulia hakuruhusiwa. Akajaribu kucheka, maana ndiyo silaha yake, na nikaona midomo ikinyanyuka na machozi bado yako kidevuni na macho yanaitafuta kamera, na kicheko hakikutoka. Uso wake ulikwama hapo. Niligeuka nikamtazama Kabange kwenye mkeka. Alikuwa ameacha kutabasamu kwa amri. Alikuwa anaangalia, kwa yale macho ya kukutazama ukitafuna.

Akachonga mara tu wageni wa kilio walipotawanyika. Hakuniruhusu kukaribia. Mama alipeleka chakula, sahani moja ya watu wawili kama zamani, maana mkono wake haukujua kupakua vingine, na nusu ilirudi kila siku haijaguswa. Aliponiita, mkanda ulikuwa mkubwa kuliko meza. Tukapaka wino, nikavua viatu, nikakanyaga, na safari hii Kabange naye akavua, akakanyaga upande mwingine, mpaka tukakutana katikati. Tukaifunua. Uso mmoja tu, wa Kacheko, umejaza karatasi hadi pembeni. Nusu inalia, nusu inatafuta kamera, na mdomo katikati haujui uende wapi. Ndani ya kila chozi kuna gurudumu. Chini kabisa, mstari wa vinywa vya wanawake vilivyo wazi. Basi. Nikamuuliza, "Na Kyungu? Haukumuweka Kyungu?" Akasema, "Uso ya Kyungu ni uso yangu. Naanzia wapi kuichonga?"

Tukaibandika sokoni, na penye maegesho, na kwenye ukuta unaotazama ofisi. Watu wakaja wakasimama. Hakuna aliyempiga mwenzie kiwiko. Mama mmoja muuza makaa aliitazama muda, akajifunga kikwembe upya, akaenda zake. Dereva wa Kacheko hakuja kuuliza nyingine. Alikuja Kacheko mwenyewe, siku iliyofuata, kwa miguu, bila kamera na bila mtu. Nakala moja ya picha ilikuwa kwenye kamba. Aliitazama kwa muda wa mtu kunywa chai. Nilikuwa nasafisha vijiti vya mwavuli, nikaacha. Ninaapa kwa Mungu aliyeniumba kwamba mtu yule hakucheka.

"Nauza zote," akasema, akajisahihisha, "nanunua zote. Na ule mupira."

"Hii haiuzwe, Patron," Kabange akamjibu.

Kacheko akakunja leso yake, akairudisha mfukoni. Akamgeukia Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akasema kwa upole, kama mtu anayeaga baada ya kula: "Mama, weye njo ulinifundisha. Mapasa, ukimupatia moja, unamupatia na mwingine. Sikusahau." Kisha akatoka, akafunga geti nyuma yake, taratibu.

Kabange alitaka kubaki. Alisema ameipata, ile picha moja, na sasa na waje. Alisema maneno mengine ya kishujaa ambayo hayana faida kwa mtu mwenye mama. Mama hakubishana. Aliingia chumbani akatoka na blanketi, unga, na ile jozi ya pili ya viatu, ya Kyungu, akavifunga pamoja. Kuna mwanamume wa parokia aliyekuwa anapeleka lori Kasenga kuchukua samaki, na kule mtu akifika mto Luapula, ng'ambo ni Zambia, na mtumbwi haukuulizi jina. "Asubuhi unaenda," Mama alisema. Kabange akauliza, "Na weye, unabaki na nani?" Mama akanionyesha na kidevu. "Na Kampus." "Kampus wanafungua chuo mwezi unaokuja, Mama. Ataenda." "Basi nitabaki na miye." Nilitaka kusema sitaenda. Sikusema, kwa sababu ningekwenda, na sote watatu tulijua. Mkanda Kabange aliukata mwenyewe, vipande vidogo, tukaviunguza kwenye pipa pamoja na ile picha ya kwenye kamba, mpira ukatoa moshi mweusi mtaa mzima ukafunga madirisha. Picha za ukutani watu wa Kacheko walikuwa wamekwisha kuzibandua.

Asubuhi lori lilisimama kwenye barabara kubwa, limejaa vikapu vitupu vinavyonuka samaki. Majirani walikuja wachache, wanawake wale wale wa udongo. Kabange akapanda nyuma kati ya vikapu. Mama alimpa mkono, akamrekebishia kola kama mtoto wa shule, akamwambia asikae upande wa jua. Lori likaondoka, likapiga kona, vumbi likatulia, na Mama Mapasa akakaa chini, pale pale barabarani, miguu imenyooka mbele, akafungua mdomo akalia. Kilio kizima, cha tumbo, cha mtu aliyekibeba kwa muda mrefu. Wanawake wakamrukia. "Mama Mapasa, nyamaza! Unamuita! Mapasa habalilie!" Mmoja akaanza kupiga makofi, akaanzisha wimbo, ule ule, kwa sauti inayotetemeka. Mama akainua mkono akamzuia.

"Mulinikataza juu ya ule mwenye kufa," alisema, "na miye nilinyamaza, nilicheza, mulijionea na macho yenu. Huyu iko muzima. Mwenye kuwa muzima, naweza kumulilia. Munionyeshe desturi yenye kukataza."

Yule aliyeanzisha wimbo akakaa chini kando yake, nami nikakaa upande wa pili, na mmoja mmoja wote tukakaa, katikati ya barabara, na magari yakatuzunguka. Alimlilia Kabange mpaka sauti ikamwisha. Mara moja tu ulimi ulimteleza akaita Kyungu, na sisi wote tukajifanya hatukusikia.